Dada Niliyemwandika Bila Kumuuliza

Mafuriko yalipotutoa kijijini kwa mara ya tatu katika maisha yangu, hata mbuzi walikuwa wameshazoea. Waliingia wenyewe kwenye mtumbwi, wakapiga magoti, wakatulia. Sisi watu ndio tuliokuwa tukigeuka kutazama mahindi yakizama, kana kwamba tukitazama sana yataona haya na kuinuka.

Kijiji chetu kiko chini ya Golbanti, karibu na mto kiasi kwamba mto ukikohoa sisi tunalowa. Tulihamia kwenye ardhi ya juu, kando ya barabara ya Garsen, tukapewa mahema ya turubai jeupe. Mchana ndani ya hema mtu anaiva kama kiazi. Nje kuna mbu hata saa sita za jua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeishia kidato cha pili, na nilikuwa na ndoto ya kuwa mtangazaji wa redio. Niliwahoji kuku. Niliwauliza maoni yao kuhusu bei ya mahindi. Watu walicheka, nami nikaona nimefanya kazi.

Zaidi ya mdomo, nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko wangu ulikuwa wa kupigiwa mfano tangu darasa la nne, na kambini ndio ulionipa cheo: karani wa orodha. Jina, umri, hema namba ngapi, mahitaji maalumu. Niliandika nikinyoosha mgongo kama mtu wa ofisi.

Kambi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Orodha haikubaliki mpaka isomwe mbele ya watu wote, mstari kwa mstari, kila kilichomo. Sheria hiyo ilizaliwa na mafuriko yaliyopita, blanketi zilipopewa watu ambao hawakuwepo. Na kwa kuwa wazee wengi hawasomi, orodha iliyobandikwa ukutani kwao ni sawa na orodha iliyofichwa. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, mwenyekiti wa kambi alisimama juu ya kreti na kusoma. Baada ya kusoma aliuliza, "Mwenye marekebisho?" na yeyote aliweza kusimama akasema, mimi nina watoto watano si wanne, au, huyo bibi alishafariki, mfuteni. Nilijivunia sheria hiyo. Niliona sisi watu wa delta tuna akili kuliko serikali.

Sasa nimseme dada yangu.

Ni binti wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mama alipokwenda Malindi kufanya kazi za nyumbani, nilikuwa na miaka saba, na dada ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele vibaya sana, kichwa kikatoka kama shamba lililolimwa na mlevi, lakini alinisuka. Yeye ni mtu wa mtumbwi. Hubeba watu na magunia, kutoka kwetu hadi Kulesa, na maji yakiwa mazuri hushuka mpaka Kau. Huvaa suruali iliyokunjwa magotini na kofia ya jua. Amepita miaka thelathini na hajaolewa.

Wanaume wa gatini walikuwa na utani wao. "Nahodha! Utaolewa lini? Unangoja kiboko?"

"Kiboko aliuliza mahari kiasi gani," dada alijibu akiendelea kusukuma upondo, ule mti mrefu wa kuendeshea mtumbwi. "Nyinyi hata kuuliza hamjauliza."

Alijua kujibu. Labda ndiyo sababu sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku atakosa jibu, na kwamba jibu hilo nitamnyang'anya mimi.

Kambini tulipokaa mwezi, shirika moja lilitangaza semina ya siku tatu mjini Garsen. Ilihusu kuwalinda watu kambini: wanawake, watoto, walemavu, na wengine. Mwenyekiti alinituma kwa sababu ya mwandiko. Nilifurahi kupita kiasi. Kulikuwa na feni, soda, na kiti chenye mgongo.

Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuzomewa na kumbi nyingi na hajali tena. Siku ya pili aliingia kwenye lile la "wengine". Ukumbi ukawa mgumu. Palikuwa na mchungaji, palikuwa na ustadh, palikuwa na mzee Muorma mfugaji, na mama mmoja mwenye duka. Yeye hakuanza na maneno. Alifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha akatundika leso nne.

"Leso ya kwanza," alisema, "ni mwili uliozaliwa nao. Ya pili ni unavyojijua mwenyewe moyoni: mimi ni mwanamke, mimi ni mwanamume, au mimi sitoshi kwenye hayo mawili. Huo ndio utambulisho wa kijinsia. Ya tatu ni unavyojionyesha, mavazi, mwendo, kazi. Ya nne ni moyo wako unamwendea nani. Huo ni mwelekeo wa kimapenzi. Sasa sikilizeni vizuri. Leso moja haikuambii rangi ya nyingine."

Akataja maneno. Huntha, mtu ambaye mwili wake ulizaliwa na alama za pande zote mbili, au zisizo wazi. Transjenda, mtu ambaye anavyojijua si vile walivyomwita alipozaliwa. Mwanamke anayependa wanawake, mwanamume anayependa wanaume, anayeweza kupenda huku na huku, na yule ambaye mambo hayo hayamvuti kabisa. Alisema yale maneno ya mitaani tunayoyajua sote ni mawe ya kurushiana, na humu ndani mawe yabaki nje.

Mzee Muorma akainua fimbo. "Mimi napata ng'ombe pacha. Moja dume, moja jike. Ile jike iko kama jike, lakini mara nyingi haizai, na tabia yake iko kama dume. Sisi hatukuita semina. Tunaijua, tunaendelea kuchunga."

Watu wakacheka. Mwezeshaji akafurahi, akasema mzee amekaribia sana leso ya kwanza.

"Mzee, lakini watu si ng'ombe," akasema mama mwenye duka.

"Kweli," mzee akasema. "Ng'ombe haisengenyi."

Ustadh alisimama akasema wazi, bila kelele: yeye msimamo wa dini yake unajulikana na hatausogeza kwa ajili ya soda. "Lakini kumnyima mtu maji, au kumpiga, hilo nalo dini hairuhusu. Endelea, mama." Mchungaji akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa usingizi.

Mwisho wa siku ile mwezeshaji alisema sentensi ambayo niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Alisema: neno ni la mwenyewe. Humvishi mtu leso asiyoichagua, na akikuonyesha yake, unanyamaza.

Niliipigia mstari mara mbili. Nadhani kupigia mstari ndiko kulikonidanganya. Niliona kama nimeshaitii.

Nilirudi kambini kichwa kikiwa kimejaa, nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa miwani. Kila mtu niliyemwona nilimpima. Yule leso zake zikoje? Na yule? Usiku wa joto nililala nikipanga kipindi changu cha redio cha kueleza hayo yote kwa lugha ya nyumbani.

Wiki hiyohiyo ikaja fomu mpya. Kulikuwa na vibanda vichache vya mtu mmojammoja, vyenye sehemu yake ya kuogea, kwa wenye mahitaji maalumu. Nikaandika: mjamzito miezi saba. Asiyeona. Mzee asiye na mtu. Nikafika mstari wa arobaini na moja, dada yangu, na kalamu ikasimama.

Nikawaza suruali. Nikawaza upondo, na sauti yake anapopigia watu kelele waketi chini mtumbwini. Nikawaza kwamba tangu tuhamie kambini haogi na wanawake wenzake. Bafu letu lilikuwa uzio wa turubai, wanawake wanaingia sita sita jioni, wanasuguana migongo na kusimuliana habari. Dada aliingia peke yake alfajiri kabla ya kuku. Nikawaza pia juu ya mwanamke mmoja wa Kulesa. Yeye na dada walikuwa wakipika vitumbua pamoja, wakikaa chumba kimoja miaka miwili, mpaka yule mwanamke alipoozwa mbali, na dada hakula kwa siku nyingi.

Nikajumlisha. Nikajiona nimefumbua fumbo la maisha yake lililomshinda kila mtu. Moyo ulinijaa huruma mpaka nikataka kulia. Masikini dada yangu, nikasema, miaka yote hii hakuna aliyekuelewa. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa nikaandika: Amezaliwa wa kike, anajitambua wa kiume. Apewe kibanda chake na mahali pa kuogea pa faragha.

Mtu ataniuliza, kwani hukujua orodha itasomwa? Nilijua. Nilijua kama mtu wa mtoni anavyojua kuna mamba. Anajua, na bado anaingiza mguu.

Jumamosi mwenyekiti alipanda kreti. Alikuwa dereva wa trekta zamani, miwani yake imefungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Hasomi akifikiri. Anasoma kama anayelima, mstari ukiisha anageuza. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Alipofika thelathini na tisa ndipo nilipoelewa nilichofanya. Arobaini. Nikainua mkono, akadhani nafukuza nzi.

"Arobaini na moja," akasoma, na akataja jina. "Amezaliwa wa kike, anajitambua wa kiume. Apewe kibanda chake na mahali pa kuogea pa faragha. Arobaini na mbili, mjamzito..."

Aliisoma kwa sauti ileile. Aliposhtuka na kurudi nyuma kuitazama, alikuwa amechelewa.

Dada alikuwa amesimama nyuma karibu na jiko, akitafuna muwa. Kijana mmoja alipiga mluzi. Mwingine akaita, "Kaka! Karibu huku, tuna magunia ya kubeba!" Kicheko kikaanza upande wa wanaume kikatambaa hadi kwa watoto, ambao walicheka bila kujua. Wanawake hawakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Dada alimtazama mwenyekiti, kisha akanitazama mimi moja kwa moja. Kambi nzima ilijua orodha ni mwandiko wa nani. Alitema makapi ya muwa kiganjani, akayashika, akaondoka nayo hivyo hivyo mkononi.

Jioni yake dada alitaka aonekane kati ya wanawake wenzake, hakungoja alfajiri, lakini alikuta mlango wa bafu umewekewa bibi wa zamu. Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Mwanangu, ngoja kidogo, wenzio watoke."

"Nangoja, bibi," dada akasema. Akaweka ndoo chini.

Wakatoka sita, wakaingia sita. Wakatoka. Aliyekuja nyuma yake alipita mbele. Dada alingoja mpaka maji ya ndoo yakapoa na giza likaanza, kisha akabeba ndoo yake akarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Alfajiri nayo wakafunga mlango kwa waya mpaka jua litoke. Kile kibanda cha faragha hakikuja, maana wasimamizi walisema jambo hilo limeleta maneno, lisubiri. Kwa hiyo dada yangu alianza kuoga mtoni, kwenye maji ya mafuriko, ambapo mamba hana mpaka na hajui hapa jana palikuwa shamba.

Nilimfuata siku ya kwanza nikasimama na jembe mkononi kumlinda. Aliniambia, "Ondoka."

Wanaume nao walikuwa na zamu yao. Kila gunia zito lilingoja "kaka". Mchungaji alikuja na watu wawili kuomba naye, naye akafumba macho kwa heshima mpaka wakamaliza. Mama mkubwa, mamake, mwenye mguu uliovimba asioweza hata kwenda msalani bila kushikwa, alianza kukataa chai. Angeweza kuondoka, dada. Mtumbwi ulikuwa wake, na kule Kau ana ndugu wa kumpokea. Lakini mtu mwenye mguu ule humtoi kwenye dawa ukampeleka kwenye maji.

Siku ya tano kamati ya wanawake ilikaa. Wakakata shauri: mkunga amkague. Akiwa mwanamke, yaishe. Akiwa si mwanamke, ahamie mahema ya wanaume. Ukaguzi ukawekwa Jumapili. Walimletea dada habari kama wanaomletea zawadi.

"Sitamfunulia mtu nguo yangu," dada akasema. "Mniue kwanza."

"Basi una kitu unaficha," wakasema.

Hapo ndipo nilipomwendea. Nilichelewa siku tano, na kila siku nilikuwa na sababu. Nilimkuta mchana, ameupindua mtumbwi juu ya magogo, anaziba nyufa kwa pamba na lami. Harufu ya lami na jua lile, kichwa kinapasuka. Nilikaa chini. Hakugeuka.

"Nani alikuambia mimi ni mwanamume?" akauliza.

"Hakuna, dada."

"Basi uliota."

"Suruali..."

"Umewahi kumwona mtu anasukuma upondo na dera? Likishikwa na kigogo, nani anakuja kumtoa, wewe na kuku zako?"

"Na kuoga peke yako."

Akasindilia pamba kwenye ufa. Kisha akainua shati upande mmoja. Kulikuwa na kovu la maji ya moto kutoka ubavuni kushuka kiunoni, ngozi imekunjamana kama turubai lililoungua. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipopona, wasichana waliniita mjusi. Nikaacha kuoga na watu. Basi. Ndiyo siri yako hiyo."

Nilitaka ardhi ifunguke. Lakini nina kichwa kigumu, na nilikuwa bado sijamaliza ujinga wangu. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Na yule wa Kulesa?"

Mikono yake ilisimama.

Haya ninayoyaandika sasa ninayaandika kwa ruhusa yake. Nilimsomea ukurasa huu, akaniambia nifute mistari miwili, nimeifuta.

"Yule nilimpenda," akasema. "Kama wenzangu wanavyopenda waume zao. Zaidi ya wengine wanavyowapenda. Lakini nilimpenda nikiwa mwanamke, we mtoto. Sijawahi hata siku moja kuwa kitu kingine."

Mimi, badala ya kunyamaza, nikatoa daftari. Daftari ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kushika. Akaniambia, "Soma basi. Nisikie ulichonichanganyia." Nikamsomea leso zote nne, polepole, na maneno yote. Lami ikipoa kwenye kopo. Nilipofika kwenye lile la mwanamke anayependa wanawake akasema, "Simama." Nikasimama. Akalirudia kimyakimya, midomo ikisogea.

"Kwa hiyo lina jina ambalo si tusi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nikuulize. Hiyo leso uliyonivisha mimi, ni ya pili. Na ya kwangu ni ya nne."

"Ndiyo."

"Na mwalimu alikuambia moja haikuambii nyingine."

"Ndiyo, dada."

"Siku tatu, na soda juu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetua mzigo ili ajitwike upya. Nilipotoa kalamu akanishika mkono. "Usiandike. Umesikia, inatosha."

Tulikaa. Akanieleza shida ilivyo, kwa sababu mimi sikuwa nimeiona. Akinyamaza, watamkagua. Akisema kwamba karani alikosea, watauliza, kwa nini akosee, aliona nini? Na watu wakianza kuuliza karani aliona nini, hawatachukua muda kufika Kulesa. Na yule wa Kulesa sasa ana mume na watoto huko alikoozwa, wala hajui hata kwamba anatajwa.

"Mimi nitasema," nikamwambia.

"Utasema nini?"

"Kwamba mimi ni mjinga."

Akanipima kwa macho. "Hilo wataamini."

Jumamosi mwenyekiti alisoma. Safari hii aliuruka mstari wa arobaini na moja, ndiyo mara ya kwanza sheria yetu kuvunjwa, na kila mtu aliona. Alipouliza mwenye marekebisho, nilisimama. Nimewahoji kuku mbele ya watu wale wale bila haya. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama mguu wa mama mkubwa.

"Mstari wa arobaini na moja," nikasema. "Nilichoandika si kweli. Nilikitunga kichwani. Mwenyewe sikumuuliza."

"Kwa nini ulikiandika?" akauliza mwenyekiti wa wanawake, mama mwenye akili kali.

"Kwa ujinga, mama."

"Ujinga hauoti kama nyasi. Uliona kitu. Uliona nini?"

Nilijua mambo mawili ya kweli, kovu na Kulesa, na lolote kati ya hayo lingenitoa pale mara moja na kumwingiza yeye.

"Niliona suruali," nikasema.

Wakalipuka. Walicheka mpaka mama mmoja akashika nguzo. "Suruali! Ee Mungu wangu! Mimi nalima mpunga na suruali ya marehemu mume wangu. Mimi utaniandika nani?"

"Mwandike marehemu!" mwingine akapokea.

"Serikali inasomesha watu siku tatu waje watuambie suruali?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Suruali tu. Na upondo." Nikaacha wacheke. Kila kicheko nilikihesabu kama jiwe lililonipiga mimi likamkosa yeye. Machozi yalinitoka, nao wakadhani ni ya haya, na kweli yalikuwa ya haya.

Mwenyekiti akanyoosha mkono kutoka juu ya kreti. "Kalamu." Nikampa. Akampa kijana ambaye mwandiko wake ni kama kuku aliyepita matopeni, na hapo ukaishia ukarani wangu.

Lakini yule mama mwenye akili kali hakuwa amecheka sana. "Sawa. Hata hivyo mkunga aangalie kesho, tuwe na hakika."

Mkunga ni mama mzee mfupi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakusimama. "Nikaangalie nini? Huyu nilimpokea mimi kwa mikono yangu, mvua ikinyesha. Nilishamwangalia. Anayetaka hakika zaidi ya ile aanze yeye, ajifunue hapa mbele, tutamkagua sote." Akatazama huku na huku. "Nani? Njooni basi, mimi nina kazi."

Hakuna aliyejitokeza.

Jioni dada alibeba ndoo yake akapanga foleni. Nilikuwa nyuma yake, mbali kidogo. Bibi wa zamu hakusema ngoja. Wanawake watatu walitoka kwenye foleni wakaenda zao, wakisema wamekumbuka kitu jikoni. Dada aliwaona. Mkunga alikuwa miongoni mwa waliobaki, na waliingia watatu badala ya sita, na turubai likafungwa. Nilisikia maji. Sikusikia hadithi zile za kila siku, ila mtu mmoja alisema, "Lete mgongo," sijui alimwambia nani.

Kuna jambo linanichosha mpaka leo kuliko joto la hema. Dada yangu alirudi kwenye foleni kwa sababu nilisema si kweli. Na kama ingekuwa kweli? Mtu ambaye maneno yale niliyoyaandika ni yake kweli angebaki nje na ndoo, hakuna mkunga wa kumtetea, na kicheko cha suruali kisingemfaa kitu. Katika mistari ile yote niliyoiandika kwa mwandiko mzuri, siwezi kuapa kwamba mtu huyo hayumo. Pengine alinisikiliza siku ile nikisema "si kweli", akaona vile watu walivyopumua, akajifunga zaidi. Ustadh aliniambia baadaye, tulipokutana kwenye foleni ya maji, kwamba mimi nilipewa elimu kama kisu, nikakimbia nacho. Hakusema kwa ubaya. Akanisaidia kuinua jerikeni.

Nilipomfuata dada jioni ile ya foleni alikuwa ameketi mlangoni pa hema, nywele zikidondosha maji, mama mkubwa anakunywa chai ndani, tunamsikia akivuta. Nikauliza, "Dada, umenisamehe?"

"Nimechoka," akasema. "Niulize kesho."

Kesho yake nikamuuliza. Alikuwa anapakia magunia ya watu wa Kulesa, maji yameanza kupungua, upondo unagusa ardhi kwa mara ya kwanza.

"Bado," akasema. "Shika upande ule."

Nikashika.